Kabla Ujenge Kabini Uani, Jua Nani Alilala Pale

Ukifungua simu yako saa hii, dakika tano haziishi kabla hujaona kabini. Mbao zinang'aa vanishi, dirisha refu, taa za manjano, na msee amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa akikuambia ameijenga nyuma ya nyumba ya wazazi wake kwa wiki chache tu. Ukishuka kwa komenti, watu mia wameuliza kitu kimoja: "Bei?"

Bei ni swali zuri, sikatai. Lakini historia ya hii nchi inasema kuna maswali mawili yanayolizidi. Ufunguo wa hiyo nyumba ni wa nani? Na ukihamia humo, unaruhusiwa kuingia na watu wako?

Wengi wetu tunadhani hii ni fashoni mpya imetoka majuu. Umbo lake, ndio, limetoka huko, na nitafika hapo. Lakini wazo lenyewe, la kujenga kanyumba kadogo ndani ya boma ili mtu apate nafasi yake, ni la zamani kuliko Nairobi. Kitu kimekuwa kikibadilika ni nani anapewa hako kanyumba, na anapewa kama nani: mtoto wa nyumbani, mfanyikazi, au mpangaji. Hapo ndipo kuna story.

Mlango wa kwanza

Kwa Wajaluo, kijana akikomaa hakuendelea kulala chini ya paa la mama yake. Alijenga simba, nyumba yake ndogo, pale karibu na lango la boma. Humo alilala, akapokea marafiki, akaweka vitu vyake. Simba haikusimama popote tu. Mahali pake palitegemea umezaliwa wa ngapi. Na haikuwa ya milele. Mwanaume akishaoa na kupata watoto, siku ilifika ya kutoka na kuanzisha boma lake mwenyewe, na kwa desturi baba alimpeleka, jogoo na shoka vikiwa mkononi. Waluhya nao wanalo jina hilo hilo, na hadi leo kijana wa Kakamega au Siaya akikuambia "niko kwa simba yangu", huhitaji maelezo zaidi.

Kwa Wakikuyu, mama alikuwa na nyumba yake na baba alikuwa na thingira yake. Mvulana akishatahiriwa, hakulala tena kwa mama. Alihamia upande wa wanaume. Kwa hivyo boma lilikuwa nyumba kadhaa ndogo zikitazamana, kila moja na mlango wake na mtu wake. Ile nyumba kubwa moja ambayo sisi sote tunabanana ndani, na korido katikati, ni kitu cha juzi.

Sasa shuka Lamu. Huko walijenga kwa mawe ya matumbawe, na dari zilishikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki, ndio maana vyumba vya nyumba za zamani za Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mita tatu. Familia ikikua ufanye nini? Huwezi kupanua chumba, na jirani amejenga ukuta kwa ukuta. Walipanda juu, wakaongeza ghorofa. Au walivuka kichochoro kwa juu: wakajenga wikio, chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, na watu wakaendelea kupita chini na punda wao.

Na hapa ndipo napapenda zaidi. Katika familia za Lamu zenye uwezo, nafasi hiyo mpya mara nyingi ilikuwa ya binti. Akiolewa, baba alimpa nyumba, au sehemu ya nyumba, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwake. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Kwa hivyo kabla ya mkoloni kufika, chumba cha ziada kilikuwa na maana moja katika sehemu nyingi za hii nchi: wewe ni wetu, umekua, hii ni nafasi yako. Hakuna aliyekutoza rendi.

Serikali ikaanza kuhesabu milango

Mwaka wa 1901, serikali ya Waingereza ilileta kodi ya kibanda. Fikiria vizuri vile hiyo kodi ilifanya kazi. Haikuuliza una mapato gani. Iliuliza una nyumba ngapi. Boma ambalo mzee ana wake wawili na kijana ana simba yake, tayari ni nyumba kadhaa za kulipiwa. Ile desturi ya kumpa kila mtu mlango wake ikageuka kuwa gharama.

Watu si wajinga. Walijibana. Waliokuwa wakilala nyumba tatu wakaingia mbili, ili anayehesabu akipita apate kidogo. Serikali nayo ikashtuka, na mwaka wa 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wazima wasiokuwa na kibanda. Maana yake ni kwamba ukijenga unalipa, na usipojenga unalipa.

Na hiyo kodi ilitakiwa kwa pesa. Pesa zilikuwa wapi? Kwa shamba la mzungu, kwa reli, na Nairobi. Hivyo ndivyo kijana aliyekuwa anafaa kujenga simba yake alijipata akipanda gari la moshi kwenda kulala nyuma ya nyumba ya mtu mwingine.

SQ: nyumba ndogo bila mwenyewe

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa za mbao na mabati, zingine zimeinuliwa juu ya nguzo ili maji na mchwa vipite chini. Baadaye Wazungu wakahamia sehemu za juu zenye hewa safi, Kilimani, Muthaiga na kwingine, kwenye viwanja vikubwa vyenye bustani. Na nyuma ya bangalo, mbali na maua, karibu na ua wa nyuma, kulikuwa na kachumba. Mpishi, mtunza bustani, yaya, wote walilala huko. Mwanaume mwenye wake na watoto aliitwa "boi", na chumba chake kikaitwa cha boi. Baadaye jina likalainishwa kidogo, likawa la mtumishi, na herufi mbili zikabaki hadi leo: SQ.

Ukitazama kwa mbali, simba na SQ zinafanana. Zote ni nyumba ndogo ndani ya ploti ya nyumba kubwa. Lakini simba iko karibu na lango kwa sababu wewe ni wa boma. SQ iko nyuma kwa sababu wewe si wa boma. Simba unaondoka ukiwa tayari kuanzisha kwako. SQ unaondoka siku kazi imeisha, pengine usiku huo huo.

Na watu wako? Sahau. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi, mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kutembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Sheria za uzururaji zilimpa askari nafasi ya kukushika mjini ukionekana huna kazi wala makao. Mji ulimtaka mwanaume peke yake. Mshahara nao uliwekwa wa kulisha mtu mmoja, kwa hesabu kwamba mke na watoto wako kijijini wakijilisha kwa shamba. Ni mwaka wa 1954 ndipo kamati ya serikali, ile ya ripoti ya Carpenter, ilisema wazi kwamba mfanyikazi Mwafrika anafaa kulipwa pesa za kutosha familia yake. Hiyo ni miaka 55 baada ya reli kufika Nairobi!

Nakuambia hii kwa sababu SQ haikuenda na mkoloni. Angalia matangazo ya nyumba: "vyumba vitatu pamoja na DSQ". Hiyo D ilikuwa ya kusema chumba kimejitenga na nyumba. Siku hizi kiko ghorofa ya saba, nyuma ya jikoni, kitanda kimoja kinagusa kuta tatu, dirisha linaangalia pale nguo zinaanikwa. Tumepata uhuru 1963, lakini michoro ya mkoloni tulibeba vile ilivyokuwa. Mtu analipa mamilioni kwa nyumba yenye bafu tatu, halafu mwanamke anayelea watoto wake analala mahali hawezi kunyoosha mikono. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 31, inasema mwajiri atoe makao yanayofaa au alipe pesa za kutosha mfanyikazi apange kwake. Neno ni "yanayofaa". Mwenye nyumba akitaka kujua kama DSQ yake inafaa, alale humo wiki moja.

Wanawake waliojijengea

Si kila mtu Nairobi alikubali kulala nyuma ya nyumba ya mtu. Pangani ya zamani, na baadaye Pumwani iliyotengwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walijijengea. Nyumba zilikuwa za udongo na fito, mtindo wa Kiswahili, korido katikati na vyumba pande zote mbili. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vingine akapangisha. Na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake.

Hebu simama hapo kidogo. Hii ni Nairobi ambayo haikuwa imepanga mwanamke Mwafrika aishi ndani yake kabisa. Wengi wao walikuwa wametoroka ndoa mbaya, njaa au umaskini, wakafanya kazi zote zilizopatikana mjini, zingine za kudharauliwa, wakaweka akiba, wakajenga. Kijijini ardhi ilipitia kwa wanaume. Mjini, mwanamke aliweza kushika ufunguo wake na kuamua nani ataurithi.

Hawakuachwa kwa amani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Pangani ilibomolewa na watu wakahamishwa, wengine Pumwani, wengine Shauri Moyo. Nyumba uliyojenga kwa jasho lako, iliyokulipia rendi kila mwezi, ikawa vumbi, kwa sababu ardhi iliyokuwa chini yake haikuwa yako.

Hii sehemu inanigusa, na nitawaambia kwa nini. Wazazi wangu wana ploti ya 50 kwa 100 huko Ruai. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala na tuko watoto watatu. Mwaka jana wazee wakaanza mpango wa kujenga kachumba ka mbao hapo uani. Nina miaka 24, kazi yangu yote ni ya kurekodi na kuandika, na nalala chumba kimoja na msichana wa darasa la sita. Kaka yangu ana miaka 19. Kabla hata fundi hajaitwa kupima, kila mtu kwa nyumba alikuwa tayari anakaita "kachumba ka kijana". Nikauliza mbona. Mathe akacheka. Buda akasema bila ubaya wowote, "Wewe si utaolewa?"

Sikukasirika sana, kwa sababu najua hilo jibu limetoka wapi. Limetoka kwa simba. Simba ilikuwa ya mvulana. Msichana wa Kijaluo alilala kwa nyanya yake, siwindhe, akisubiri kuolewa. Lakini kama tunachagua desturi, kwa nini hatuchagui ile ya Lamu? Na kama ni sheria, Sheria ya Urithi imekuwa ikifanya kazi tangu 1981 na haisemi binti apate kidogo kuliko kijana, na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia. Nilisema hivyo mezani. Tukabishana. Mazungumzo bado yanaendelea, na hiyo pekee ni hatua, kwa sababu kwa nyumba nyingi hayaanzi kabisa.

Chumba kikawa biashara

Baada ya uhuru watu waliingia Nairobi na familia zao, na nyumba hazikutosha. Mwaka wa 1975 Halmashauri ya Jiji na Benki ya Dunia zilikubaliana kuhusu Dandora. Ploti 6,000. Hawakukujengea nyumba nzima. Ulipewa kiwanja kidogo, kati ya mita mraba 100 na 160, chenye maji, choo na bafu, wengine wakaongezewa jikoni na chumba. Vingine vyote ulitakiwa kujenga mwenyewe, polepole, ukiishi hapo hapo. Na mpango wenyewe ulitarajia ungepangisha vyumba vingine ili ulipe mkopo.

Umoja nayo ilianza miaka hiyo ya 1970 kwa pesa za Wamarekani, na ilipoongezwa baadaye, sehemu moja ikaja kuitwa Innercore. Wengi wetu tunapiga hiyo jina kila siku kwa matatu bila kujiuliza. Maana yake ni kiini cha ndani: waliuziwa nyumba zikiwa kiini tu, halafu mwenyewe aongeze. Wakaongeza! Wengine walibomoa kiini chenyewe na kupandisha ghorofa hadi jua likasahau kufika chini. Buruburu ilikuwa ya tabaka la kati, nyumba zaidi ya 4,000 zilizojengwa kuanzia 1973 zikiwa na bustani ndogo mbele na nyuma. Ukitembea huko leo utaona zile bustani zimekuwa ekstensheni: duka, salon, bedsita tatu zenye ngazi ya chuma.

Kuna watu hudharau ekstensheni. Wanasema zimeharibu mtaa. Mimi nasema mbili. Ekstensheni imesomesha watu. Najua familia ambazo karo yote ya chuo ilitoka kwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya nyumba, na nyanya wengi mitaani hawana pensheni isipokuwa hiyo rendi. Halmashauri haikujenga nyumba za kutosha, wenye ploti ndio walijenga. Hiyo ni kweli na waheshimiwe kwayo.

Lakini pia ni kweli kwamba ua ukishakuwa hela, watoto wa mwenye ploti hawana tena pa kujenga simba. Chumba ambacho kingekuwa chako ukifika miaka 20 kina mpangaji anayelipa kila tarehe 5. Wazazi wetu wamekuwa malandilodi, sisi tumekuwa wapangaji wa wazazi wa wengine. Ndio maana kijana wa Eastlands anaota kabini. Haoti mbao. Anaota mlango.

Neno lenyewe limetoka wapi

Nilisema nitafika hapa. Nyumba ya magogo, ile ya kulaza gogo juu ya gogo na kuchonga pembe zishikane, ni ya watu wa Ulaya ya kaskazini, Skandinavia na Ufini, mahali penye baridi kali na misonobari isiyoisha. Waswidi na Wafini waliohamia bonde la Delaware, Marekani, kuanzia mwaka wa 1638 waliifikisha huko. Ilikuwa nyumba ya mtu asiye na kitu: huhitaji misumari mingi, unahitaji shoka na majirani. Abraham Lincoln alizaliwa ndani ya moja huko Kentucky mwaka wa 1809.

Halafu wanasiasa wakaiona. Mwaka wa 1840 William Henry Harrison aligombea urais wa Marekani akitumia picha ya nyumba ya magogo kama nembo yake, ili aonekane mtu wa mwananchi wa kawaida. Huyo msee alizaliwa katika jumba la familia tajiri yenye mashamba na watumwa huko Virginia. Akashinda. Hasla hakuanzia hapa kwetu, jamani.

Na kuna kabini nyingine ambayo hiyo picha haikuonyesha. Kwenye mashamba hayo ya kusini, nyuma ya nyumba kubwa, kulikuwa na safu ya vibanda vya mbao ambamo Waafrika waliotumwa kwa nguvu walilala na watoto wao. Neno ni hilo hilo moja. Kwa Lincoln lilimaanisha mwanzo mdogo. Kwa mtumwa lilimaanisha chumba kisicho na haki. Ni simba na SQ tena, bara lingine.

Hata hapa kwetu tumefanya huo mchezo wa majina. Panda Nyandarua, Kinangop hadi Ol Kalou. Huko nyumba za mbao zimekuwepo miaka mingi, nyingi zimejengwa kwa mbao za pembeni za saipresi au mtarakwa, zile zinabaki na gome upande mmoja. Watu walijenga hivyo kwa sababu mbao ilikuwa karibu na mawe yalikuwa ghali, na mtoto aliyetoka kwa nyumba hizo alichekwa shuleni. Leo mtu kutoka Nairobi anajenga nyumba ya mbao hizo hizo, mlima huo huo, anaiita kabini, anaiweka kwa Airbnb, na yule aliyechekwa ndiye anaajiriwa kutandika kitanda.

Sasa, ujenge?

Jenga. Sijaandika haya yote ili nikutishe. Kabini uani ni njia nzuri, na kwa ploti ya kawaida inaweza kumpa mtu nafasi bila kubomoa nyumba ya wazee. Lakini jenga kama mtu anayejua historia.

Kwanza, mbao yenyewe. Nunua iliyopitishwa dawa, na uinue sakafu juu ya nguzo au mawe. Wakikuyu waliinua maghala yao ya nafaka, reli iliinua nyumba zake, wewe nani ulaze mbao kwa udongo na mchwa wa Ruai wakikuangalia? Stima ivutwe na fundi anayejua kazi, kwa sababu nyumba ya mbao ikishika moto hainusuriki, na usiibane na ukuta wa jirani. Uliza pia mbao imetoka wapi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na tangu Rais Ruto atangaze mwaka wa 2023 kwamba marufuku hiyo inaondolewa, ubishi haujaisha. Kabini yako isianze na msitu wa mtu mwingine.

Pili, karatasi. Watu hudhani kwa sababu ni mbao na iko nyuma, kaunti haihusiki. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga, na kuwa uani hakukutoi. Na kama ploti yenyewe ina maneno, yamalizeni kwanza. Wanawake wa Pangani walijua kujenga kuliko sisi sote, na walibomolewa kwa sababu ya ardhi.

Tatu, na hapa ndipo watu hukimbia: kaeni chini kama familia mseme hicho chumba ni cha nani. Ni cha mtoto? Basi apewe ufunguo, agongewe mlango kama mtu mzima, na ijulikane ni mpaka lini, vile simba ilikuwa na mwisho wake. Ni cha kupangisha? Sawa, rendi ni heshima pia, lakini semeni pesa inaenda wapi. Ni cha dada anayewasaidia nyumbani? Basi kiwe na dirisha, choo kinachofanya kazi, kufuli ya ndani, na ruhusa ya mtoto wake kumtembelea likizo. Na kama mna binti na kijana, msipeane kwa mazoea. Muulizane nani anahitaji.

Kwa miaka mia moja na zaidi, nyumba ndogo ya uani imekuwa ikituambia nani anahesabika. Mkoloni aliihesabu ili aitoze. Bwana aliiweka nyuma ili asiione. Mzee wa boma aliiweka langoni kwa sababu alijua mtoto wake atakua.

Sasa ukiona ile video ya kabini tena, uliza bei, ndio. Lakini uliza pia ufunguo uko kwa nani. Na kama kwenu kuna chumba uani, niambie kwa komenti: nani analala pale, na alipewa kama nani?